Nani akuskanie mkusanyo adimu wa Ayalandi? Njia nne za ushirikiano kwenye mizani moja

Chukulia maktaba ya chuo kikuu yenye mkusanyo wa Ayalandi wa ukubwa wa wastani: vitabu 1,000 vilivyochapwa kabla ya 1900, vijitabu 3,000 vya siasa na dini, mafungu ya magazeti ya 1916 hadi 1923, hati 40 zilizonakiliwa kwa mkono katika karne ya 18 na 19, na masanduku kadhaa ya barua. Fedha za kuskani kila kitu hazipo. Wanaobisha hodi wapo: shirika lisilo la faida linaloskani kwa bei ya ukurasa, mchapishaji wa hifadhidata anayesema atalipia mwenyewe, taasisi ya wataalamu inayotaka hati za mkono peke yake, na wenzako wa hazina ya pamoja wanaosema, skani wewe, kuhifadhi tuachie sisi.

Kila mmoja ana hoja. Matatizo huanza pale maktaba inapotaka kumkabidhi mmoja wao mkusanyo mzima. Kijitabu cha kurasa 16 chenye pini za kutu na hati ya ngozi ya ndama vinalala rafu moja, lakini mahitaji yao hayakaribiani. Ndiyo maana hapa tunapima kila njia kwa vigezo vilevile sita, na unachochagua mwishoni ni mshirika wa kila rundo.

## Vigezo sita

Hali ya kitu. Kitabu kinafunguka nyuzi ngapi bila mgongo kupasuka? Kinaweza kupanda gari na kurudi salama, au kisitoke chumbani kabisa?

Haki. Nchini Ayalandi hakimiliki hudumu maisha ya mwandishi na miaka 70 baada ya kifo chake. Marekani, maandishi ya zamani yaliyochapishwa huwa huru baada ya miaka 95 tangu yachapishwe, lakini barua ambayo haikuchapishwa kamwe hufuata maisha ya mwandishi na miaka 70. Kijitabu cha 1920 ambacho mwandishi wake alifariki 1965 kiko huru Boston, na Dublin bado kina mwenyewe hadi mwisho wa 2035. Jambo hili peke yake linaweza kuamua seva ya nani ikibebe.

Gharama kamili. Bei ya ukurasa ndiyo ndogo kuliko zote. Kutoa vitabu rafuni, kuvikagua, kuandika rekodi, kusahihisha na kuhifadhi faili kwa miaka 20 ndiko kunakokula bajeti.

Maandishi yanayotafutika. Hapa Kiayalandi kina mtego wake. Hadi katikati ya karne ya 20 vitabu vingi vilichapwa kwa cló Gaelach, herufi zilizofuata mwandiko wa watawa wa kale. Ndani yake r na s zinakaribia kufanana, konsonanti hubeba nukta juu (ḃ, ċ, ḋ) badala ya kufuatwa na h kama leo, na neno *agus*, yaani "na", huandikwa kwa alama ⁊ ambayo mashine isiyofunzwa huisoma kama tarakimu 7. Juu ya hayo, tahajia ilibadilishwa miaka ya 1940, na sarufi sanifu ikatoka 1958. Anayetafuta *oíche*, "usiku", hataiona *oidhche* hata kama mashine imeisoma bila kosa.

Faili mama. Nani anakaa na picha kamili zisizobanwa, kwa muundo gani, na nini kitazipata mshirika akifunga milango?

Msomaji. Tusidhani yuko Dublin au Boston tu. Roger Casement, aliyenyongwa London mwaka 1916 kwa kupigania Ayalandi, ndiye huyohuyo aliyeandika ripoti ya 1904 juu ya ukatili katika Kongo ya Leopold. Karatasi zake zimetawanyika katika hifadhi kadhaa, na mtafiti wa Kisangani anazihitaji sawa na yule wa Cork.

## Gawa marundo kwanza

Toa orodha ya katalogi, kisha linganisha kila kichwa na yaliyokwisha kuskaniwa katika maktaba kubwa za kidijitali, HathiTrust na Internet Archive. Linganisha toleo, mwaka, mchapaji na idadi ya kurasa, si jina tu: vitabu vya Dublin vya karne ya 18 mara nyingi ni uchapaji upya wa vitabu vya London, vyenye jina lilelile na maandishi tofauti kidogo. Kilichokwisha kuskaniwa vizuri kitoe, isipokuwa nakala yako ina maandishi ya pembeni au muhuri wa mmiliki mashuhuri.

Ukiwa humo, rekebisha msimbo wa lugha. Rekodi za zamani za MARC, muundo wa katalogi za maktaba, huandika *iri* kwa Kiayalandi, msimbo uliofutwa. Wa sasa ni *gle*. Inaonekana kazi ndogo, lakini programu nyingi za kusoma maandishi huchagua kamusi yao kutokana na uga huo. Kitabu kilichoandikwa *eng* kimakosa kitasomwa kama Kiingereza kibovu.

## Njia ya kwanza: shirika lisilo la faida linaloskani kwa wingi

Mfano unaojulikana zaidi ni Internet Archive, iliyoanzishwa 1996. Mwaka 2007 maktaba za Boston Library Consortium ziliingia katika mpango wake wa kuskani vitabu. Boston College, chenye Maktaba ya Burns na mkusanyo wake mkubwa wa Ayalandi, ni mwanachama wa umoja huo.

Hali ya kitu. Kitabu hulazwa kwenye kitanda cha umbo la V, kioo hushuka juu yake kwa pedali ya mguu, kamera mbili hupiga kurasa mbili kwa pamoja, na mtu hugeuza kwa mkono. Kitabu chenye afya hakipati shida. Kilichojalidiwa kwa kubana hupoteza maneno ya pembezoni mwa mshono, na ramani za kukunjua haziingii kitandani. Husubiri kifaa kingine na malipo mengine. Kosa linalorudiarudia ni la vijitabu vilivyojalidiwa pamoja: 20 ndani ya jalada moja hurudi vikiwa faili moja yenye jina la kijitabu cha kwanza, na 19 vilivyobaki vinapotea machoni pa msomaji. Dawa yake ni orodha inayoonyesha kila kijitabu kinaanzia na kuishia ukurasa upi, na rekodi ya kila kimoja, kabla sanduku halijafungwa.

Haki. Ni nzuri kwa kilicho huru kabisa. Kwa kilicho na mwenyewe, tahadhari. Nchini Marekani wachapishaji walilishinda shirika hili mahakamani mwaka 2023, na tena kwenye rufaa 2024, kuhusu kuazimisha nakala za kidijitali za vitabu vyenye hakimiliki.

Gharama. Kwa miaka mingi bei iliyotajwa ilikuwa senti 10 za dola kwa ukurasa. Kwa kipimo hicho vitabu 1,000 vya wastani wa kurasa 250 ni kurasa 250,000, yaani dola 25,000. Omba bei ya leo kwa maandishi, kisha ongeza ufungaji, usafiri, bima na saa za wafanyakazi wako.

Maandishi. Kiingereza hutoka vizuri. Shirika linatumia Tesseract, programu ambayo watu wa kujitolea waliifundisha pia herufi za cló Gaelach, lakini kuwapo kwa modeli hiyo hakuna maana kwamba itatumika kwenye kitabu chako. Uliza, halafu pima kwa kurasa zako mwenyewe.

Faili mama. Picha hukaa kwa JPEG 2000, pamoja na PDF na maandishi. Pakua zote, kwa sababu Oktoba 2024 tovuti ya shirika ilishambuliwa na ikawa haipatikani kwa siku kadhaa. Maktaba yenye nakala zake yenyewe huendelea kuhudumia wasomaji.

Msomaji. Mtu yeyote, popote, bila nywila.

Inamfaa mwenye vitabu vingi vilivyochapwa, imara na huru kisheria, aliye karibu na kituo, asiye na studio. Hati za mkono na magazeti yanayovunjika kama kaukau yasipelekwe huko.

## Njia ya pili: mchapishaji wa hifadhidata

Kundi hili lina watu wa namna mbili, na tusiwachanganye. JSTOR, hifadhidata ya majarida ya kitaaluma, si ya faida. Mkusanyo wake wa Ayalandi ulitengenezwa pamoja na Queen's University Belfast, ukikusanya majarida ya kuanzia karne ya 18, vitabu kadhaa na hati. Pembeni wako wachapishaji wa biashara wanaouzia maktaba hifadhidata, na kampuni za nasaba zinazouzia watu binafsi.

Hali ya kitu. Mara nyingi mkandarasi huja na mashine zake hadi kwenu, jambo jema kwa vitabu. Ubaya ni uchaguzi. Mchapishaji hutaka mfululizo kamili, jina linalouzika, na vitu visivyopatikana kwa mshindani. Atachukua mnofu akuachie mifupa, na mifupa ndiyo ghali kuskani: karatasi moja moja, vipeperushi, madaftari yasiyo na jina.

Haki. Soma kifungu cha haki ya kipekee kabla ya kusoma bei. Katika Umoja wa Ulaya, Maelekezo 2019/1024 yanasema haki ya kipekee ya kuskani mali ya utamaduni ya taasisi za umma kwa kawaida isizidi miaka 10. Ikizidi, ipitiwe upya mwaka wa 11, kisha kila baada ya miaka 7. Taasisi ipewe nakala ya faili bila malipo, na nakala hiyo iruhusiwe kutumika upya muda wa kipekee ukiisha. Chuo binafsi cha Marekani hakifungwi na sheria hiyo, lakini hakuna kinachokizuia kunakili masharti yake ndani ya mkataba wake. Miaka 10 iandikwe kwa tarehe ya kalenda. Ukiandika "tangu kukamilika kwa mradi", mradi unaweza usikamilike kamwe.

Ipo pia njia ya kugawana ambayo vyuo vingi havijaitazama vya kutosha. Mwaka 2015 Maktaba ya Taifa ya Ayalandi iliweka picha za rejista za parokia za Kikatoliki mtandaoni bure. Mwaka uliofuata kampuni za nasaba, Findmypast na Ancestry, zikatoa faharasa ya majina yaliyomo. Picha zilibaki za umma, na kampuni zikabeba kazi ya kunukuu. Kwa rejista, orodha za wanachama na daftari za mashamba ya kupanga, mgawanyo huo ni wa kuutafakari kwa makini.

Gharama. Kwenye karatasi ni sifuri. Kiuhalisia utatoa mfanyakazi wa kuvuta masanduku kwa miezi, na chumba. Hakikisha wanafunzi wako wanasoma bure daima. Yapo makubaliano ambayo maktaba iliyotoa vitabu huishia kulipia usajili ili isome vitabu vyake yenyewe, na aliyeweka saini anakuwa amekwisha kustaafu.

Maandishi. Hii ndiyo nguvu yao. Majarida hugawanywa makala kwa makala, majina ya waandishi husanifiwa, vichwa hukaguliwa na mtu. Lakini maandishi yaliyosomwa na mashine mara nyingi hufichwa nyuma ya picha, kwa hiyo makosa hayaonekani. Dai kiwango cha usahihi wa herufi kilichopimwa kwenye kurasa za cló Gaelach peke yake. Kikichanganywa na Kiingereza, wastani utapendeza na utakudanganya.

Faili mama. Andika kwenye mkataba: picha kamili za TIFF, siku 90 baada ya kila kundi, pamoja na metadata (maelezo ya kila faili) na maandishi. PDF pekee isikubaliwe.

Msomaji. Mwenye usajili. Taasisi nyingi za Afrika hupata JSTOR bure au kwa bei iliyopunguzwa, kwa hiyo msomaji wa Dodoma au Nairobi anaweza kuwa na bahati kuliko mwanahistoria asiye na chuo aliyeko Limerick. Mwaka 2011 JSTOR ilifungua pia majarida ya kale kwa wote: ya Marekani kabla ya 1923, ya nchi nyingine kabla ya 1870. Utaona kwamba jarida la Dublin la 1865 lilifunguliwa na la 1885 likaachwa ndani ya ukuta.

Inamfaa mwenye majarida na magazeti ya mfululizo mrefu, ambaye anahitaji faharasa makini kuliko uwazi wa papo hapo, na ana mwanasheria wa kusoma mkataba.

## Njia ya tatu: taasisi ya wataalamu wa fani

Kwa hati za mkono za Kiayalandi jina ni moja: Irish Script on Screen, ISOS, ya Shule ya Masomo ya Kikelti katika Dublin Institute for Advanced Studies. Inafanya kazi hii tangu mwisho wa miaka ya 1990. Imeweka mtandaoni hati za Royal Irish Academy, Trinity College, hati za Wafransisko zilizoko University College Dublin na nyingine nyingi, ikiwemo Lebor na hUidhre, hati ya kale kuliko zote iliyobaki iliyoandikwa kwa Kiayalandi. Kwa ngano na simulizi, mfano ni dúchas.ie, ushirikiano wa mkusanyo wa taifa wa ngano ulioko University College Dublin, Dublin City University na serikali.

Hali ya kitu. Mgeni njoo, mwenyeji apone: mpiga picha wa fani hii anajua kwamba ngozi ya ndama hujikunja unyevu ukishuka, kwamba wino wa chuma uliokula karatasi hauvumilii kubanwa na kioo, na kwamba pembe chafu ya chini ya ukurasa isikatwe kwenye picha, maana huenda ndiko mnakili alikoacha jina lake. Kila ukurasa hupigwa peke yake, pamoja na kadi ya rangi na rula. Mwendo ni wa kinyonga. Hati 40 za kurasa 200 ni kurasa 8,000, na huwezi kuzipangia mwendo wa vitabu vya kawaida.

Haki. Kwa desturi ya ISOS, haki ya picha hubaki kwa maktaba yenye hati, na atakayetaka kuchapisha huomba kwake. Jiandae, basi, kuwa na mtu wa kujibu maombi hayo.

Gharama. Hutegemea ruzuku. Hapo ndipo njia hii hukwama: ruzuku hudumu miaka michache, foleni ni ndefu, na hati zako zitasubiri zamu nyuma ya hati mashuhuri kuliko zako. Mtaalamu wa ukarabati aliyekodishwa wiki mbili kabla ya picha, wa kunyoosha na kushikiza kurasa zilizolegea, utamlipa wewe.

Maandishi. Hati ya mkono mashine haiiwezi kwa kiwango cha kuaminika bila kufunzwa mwandiko husika. Kinacholeta thamani ni maelezo ya kitaalamu: shairi gani linaanza karatasi ipi, mnakili ni nani, aliandika wapi. Kwa madaftari ya karne ya 20, nguvu ya watu hufanya maajabu. Mkusanyo wa Shule ulioandikwa na watoto kati ya 1937 na 1939 una kurasa kama 740,000, na watu wa kujitolea wa Meitheal Dúchas wamekuwa wakizinukuu. Lakini anayejitolea hunukuu kinachompendeza. Hadithi za mizimu huisha mapema, orodha za bei za ng'ombe hubaki.

Faili mama. Omba nakala kamili, na uulize kama picha zinatolewa kwa IIIF, kiwango cha pamoja cha kuonyesha picha kutoka tovuti moja ndani ya nyingine. Kikiwepo, katalogi yako itaonyesha picha zilezile bila kuzibeba upya, na hati moja iliyochanwa ikagawanywa kati ya maktaba mbili inaweza kusomwa kama kitu kimoja.

Msomaji. Mtaalamu kwanza, na yeyote mwingine bure.

Inamfaa mwenye vitu vichache vya thamani kubwa, visivyotoka nyumbani, na ambaye hana haraka.

## Njia ya nne: skani mwenyewe, hifadhi pamoja

Hapa mshirika haji na kamera. Digital Repository of Ireland, iliyozinduliwa 2015, huhifadhi na kuonyesha mikusanyo ya wanachama wake. Kuskani ni juu yao. Nje ya Ayalandi muundo unafanana: unaweka kwako, kisha rekodi zako huvunwa na tovuti za kutafutia mikusanyo ya maktaba nyingi kwa pamoja, Europeana barani Ulaya au DPLA nchini Marekani.

Hali ya kitu. Unaamua wewe. Pini ya kutu unaitoa kwa subira, gazeti unaliunga mkono kwa karatasi ngumu, kitabu kinachofunguka nyuzi 90 tu unakipiga upande mmoja hadi mwisho, kisha upande wa pili. Hatari yake ni kuunganisha vibaya: kurasa za kushoto 124, za kulia 125, na hakuna anayejua ni wapi mbili zilifunuliwa pamoja. Hesabu kurasa kabla ya kuanza, uandike idadi kwenye karatasi inayoambatana na kitabu.

Haki. Unabaki na kila kitu, pamoja na kila mzigo. Mradi wa Chuo Kikuu cha Galway na ukumbi wa Abbey, ulioanza 2012, uliweka kidijitali zaidi ya vitu milioni moja vya ukumbi huo wa maigizo. Kwa sababu ya haki, husomwa ndani ya maktaba ya chuo. Si kushindwa huko. Ni ukumbusho kwamba kuskani na kufungua ni maamuzi mawili, na kila kitu kinahitaji tamko lake la haki. RightsStatements.org ina matamko 12 yaliyo tayari.

Gharama. Hebu tupige hesabu. Ukurasa wa sentimita 14 kwa 22, pikseli 400 kwa inchi, rangi kamili, bila kubanwa, ni kama megabaiti 23. Kurasa 250,000 ni karibu terabaiti 5.7. Nakala tatu, terabaiti 17. Diski si tatizo tena siku hizi; saa za watu ndizo tatizo. Mtu mmoja akienda kurasa 150 kwa saa, saa 30 za kazi halisi kwa wiki, atamaliza baada ya wiki 56, na hapo hajakagua hata faili moja. Vijitabu 3,000 visivyo na rekodi, dakika 20 kila kimoja, ni saa 1,000 nyingine. Mali bila daftari hupotea bila habari: kijitabu kilichoskaniwa bila rekodi hakijatoka gizani.

Maandishi. Uko huru kutumia modeli unayoitaka na kurudia kusoma zikija bora. Majina ya waandishi yaunganishe mapema, kwa kuwa Pádraig Mac Piarais, Patrick Pearse na P. H. Pearse ni mtu mmoja. Ya mahali yatoe logainm.ie, ambayo huweka umbo la Kiayalandi na la Kiingereza pamoja.

Faili mama. Zako. Kila faili ipate nambari ya uhakiki siku ya kuzaliwa kwake, na nambari hizo zikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka. Hazina ya pamoja inahitaji metadata kwa muundo inaoupokea (Dublin Core, MODS, EAD au MARC), kwa hiyo chagua mmoja kabla ya kuandika rekodi ya kwanza.

Msomaji. Yeyote, ila atakupata polepole usipounganishwa na wavunaji wakubwa.

Inamfaa mwenye wafanyakazi wa kudumu, vitu vyenye utata wa haki au faragha, na nia ya kuendelea baada ya ruzuku kuisha. Chuo kinachoajiri vijana wa mkataba wa miezi tisa kisha kinawaacha, pamoja na yote waliyojifunza, kisijidanganye kwamba kimejenga uwezo.

## Jaribu vitu 50 kabla ya saini kubwa

Chagua vitabu 20 vyepesi, 10 vya cló Gaelach, majalada 10 yenye vijitabu vilivyounganishwa, vitano vyenye ramani za kukunjua, na vitano vya hati au barua. Peleka kila kundi kwa mshirika unayemfikiria. Kagua kurasa zote, si sampuli: zilizokosekana, zilizorudiwa, vidole, mng'ao wa kioo, maneno yaliyomezwa na mshono. Kwenye kurasa 20 za Kiayalandi hesabu herufi zilizokosewa kwa mkono. Pima pia muda wa kurudisha vitu rafuni, kwa kuwa ndiko ratiba nyingi zinakovunjikia. Mshirika anayekataa jaribio la namna hii amekwisha kukujibu.

## Kwa hali yako

Una ruzuku ya mwaka mmoja na vitabu vingi vya karne ya 19 katika Kiingereza: njia ya kwanza. Tumia miezi miwili ya mwanzo kuondoa marudio na kurekebisha rekodi.

Una mfululizo kamili wa jarida au gazeti ambao hakuna mwingine anao: zungumza na mchapishaji, kwa kikomo cha miaka chenye tarehe, na faili mikononi mwako. Akikataa tarehe, gazeti lisubiri. Likiwa limeanza kukatika kwenye mikunjo, liskani mwenyewe sasa, ulifungue baadaye.

Una hati za mkono chini ya 100: ziandikie maelezo mafupi, waite wataalamu, na wakati unasubiri zamu zifanyie ukarabati.

Una barua za watu walioishi karne ya 20, hasa za kipindi cha machafuko ya Ayalandi Kaskazini, ambamo wanatajwa watu walio hai: nyumbani, chini ya usimamizi wako, hata kama mwingine anajitolea bure. Hapo kasi haina faida.

Una vijitabu 3,000 na huna rekodi: usiite mshirika yeyote bado. Omba fedha za mkatalogi.

Una kila kitu kidogokidogo, kama maktaba nyingi: gawa. Vitabu njia ya kwanza, hati ya tatu, barua ya nne, na faharasa ya rejista kwa kampuni huku picha zikibaki kwako. Utakuwa na mikataba mitatu au minne, na mtu mmoja ndani ya maktaba mwenye lahajedwali moja inayoonyesha kila kitu kiko wapi, kimetoka lini, kinarudi lini, na faili zake zimefika au la. Mtu huyo apewe muda rasmi kwenye ratiba yake ya kazi kabla ya sanduku la kwanza kutoka mlangoni.